Kutoka Mbeya Hadi Mosi-oa-Tunya: Namna ya Kuvuka Mipaka na Kombi la Zamani

Kombi letu ni Volkswagen la mwaka 1974, njano chini, jeupe juu. Baba alilinunua likiwa limeshatumika misheni, akalitumia kubeba wanakwaya kutoka Tukuyu kwenda kwenye mikutano ya kanisa, na siku zisizo za kwaya lilibeba ndizi. Alipofariki lilibaki kwangu. Fundi seremala mmoja wa Soweto, mtaa wa hapa Mbeya, aling'oa viti vya nyuma, akaweka kitanda cha mbao za Sao Hill kinachokunjwa mchana kuwa benchi, kabati la vyombo, na mahali pa kufungia mtungi mdogo wa gesi. Nilipostaafu ualimu nilikuwa nimefundisha jiografia miaka 31, nimechora Mto Zambezi ubaoni sijui mara ngapi, na sikuwa nimeuona. Basi mimi na mdogo wangu tukaondoka na Kombi la baba. Tulishuka Malawi, tukavuka Zambia mpaka Livingstone, kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria) ya Mto Zambezi, tukaingia Botswana kwa siku nne, tukarudi kwa Tunduma. Siku 38.

Tangu hapo watu hunisimamisha Kabwe na Mwanjelwa, hapahapa Mbeya mjini, wakiuliza namna ya kufanya safari kama hiyo. Najibu hapa kwa kirefu, kwa sababu pale barabarani daladala huwa zinapiga honi nyuma yangu.

Karatasi kabla ya spana

Anza na kadi ya gari. Kadi yetu ilikuwa bado na jina la marehemu baba, na mpakani hakuna atakayekusikiliza ukisema gari ni la baba yako. Ilibidi nianzie mahakama ya mwanzo kwenye shauri la mirathi, nipate hati ya usimamizi, ndipo niende TRA kubadilisha umiliki. Kama gari lako ni la urithi, fanya hili mwaka mmoja kabla ya safari. Likiwa la mtu mwingine aliye hai, akuandikie barua ya ruhusa iliyogongwa muhuri wa wakili, na uibebe pamoja na kadi halisi.

Kisha shika kitambaa chenye mafuta ya taa na tochi, ingia nyuma ya gari. Namba ya injini imegongwa kwenye bloku, chini ya kikalio cha dainamo. Namba ya chasi iko humohumo kwenye chumba cha injini, upande wa kulia. Futa uchafu, soma, linganisha na kadi tarakimu kwa tarakimu. Kombi nyingi za umri huu zimeshabadilishwa injini mara moja au zaidi, na fundi aliyebadilisha hakuwaza habari za kadi. Yetu haikulingana. Afadhali ulijue hilo ukiwa nyumbani, ulirekebishe taratibu, kuliko kuambiwa na afisa forodha jua likiwa utosini.

Bima ya kawaida ya Tanzania inaishia mpakani. Kwa Malawi na Zambia unaomba kampuni yako ya bima ikukatie ile ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, inayoitwa kadi ya njano. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki ndani ya mpango huo wa bima, kwa hiyo kadi inapatikana hapahapa Mbeya. Angalia nchi unazopita ziwe zimeorodheshwa na hazijakatwa kwa kalamu. Botswana haimo kwenye mpango huo. Bima yake unalipia mpakani. Sasa, kuna kadi nyingine ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, na maafisa wote wawili, wa afya na wa barabarani, huita yao "kadi ya njano". Mimi niliziweka kwenye bahasha mbili za rangi tofauti, bluu ya gari, nyeupe ya mwili.

Viza Mtanzania hahitaji kwa nchi hizi tatu. Leseni ya Tanzania inatambulika kote SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Ukitaka kwenda mbali zaidi, mpaka Misri au ng'ambo kwa meli, hapo itakubidi upate hati ya dhamana ya forodha iitwayo carnet. Kwa njia yetu, kila nchi hukupa mpakani kibali cha muda cha kuingiza gari. Kina tarehe ya mwisho. Isome palepale dirishani, na unapotoka nchi hiyo hakikisha kimefungwa na kugongwa mhuri. Hata upande wa Tanzania, usiondoke kabla forodha hawajaandika kuwa gari limetoka kwa muda, maana ukirudi utahitaji kuthibitisha kuwa ni lilelile.

Injini inayopozwa na hewa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo safari nyingi za Kombi zinapofia.

Injini hii haina rejeta wala tone la maji. Inapozwa na feni, na feni inazungushwa na mkanda uleule unaozungusha dainamo. Ukishaelewa sentensi hiyo, utaelewa kwa nini taa nyekundu ya chaji kwenye Kombi ni jambo la kusimama hapohapo. Kwenye Noah taa ya chaji ikiwaka unaweza kujikongoja mpaka gereji. Kwenye Kombi huenda maana yake mkanda umekatika, na ukiendelea kilomita tano tu umeua injini. Beba mikanda miwili, na jifunze kuibadilisha mwenyewe kabla ya kuondoka: spana ya 21, bisibisi ya kuzuia puli isizunguke kwa kuiingiza kwenye kile kijitundu, basi. Kati ya vipande viwili vya puli kuna washa nyembamba, vile viduara vya bati vyenye tundu. Ukiziondoa katikati na kuziweka nje chini ya nati, mkanda unakaza. Ukizirudisha ndani, unalegea. Bonyeza mkanda kwa dole gumba. Ukiingia kama sentimita moja na nusu, uko sawa. Mdogo wangu, ambaye maisha yake yote ameuza vitenge, alifanya zoezi hilo uani kwangu mara sita mpaka akaweza bila mimi.

Kisha yatazame mabati yanayoizunguka injini, na mpira ulioziba ukingo wake wote. Mafundi wengi huyatoa wakidhani wanaipa injini hewa. Kumbe kazi yake ni kutenganisha hewa baridi ya juu na hewa ya moto inayotoka chini. Yakikosekana, feni inavuta joto lake yenyewe. Yetu yalikuwa yamebaki nusu. Tuliyakata mapya kwa bati la geji nene pale Sae, na mpira tukaubuni kutoka mpira wa mlango wa lori.

Mpira wa mafuta ndio ulionitisha kuliko vyote. Petroli hutoka kwenye tanki, hupita kwenye tundu la bati, huenda kwenye pampu na kabureta, yote juu ya injini ya moto. Mpira ukizeeka unapasuka, au bati linausaga pale unapopita kama kipete chake cha mpira kimetoka. Kombi nyingi duniani zimeungua kwa kosa hilo moja. Siku ya kujaribu gari, pale Igawilo, nilisikia harufu, nikafungua nyuma, nikakuta mpira unatoa jasho. Tuligeuza siku hiyohiyo. Badilisha mipira yote ya mafuta hata kama inaonekana mizima, weka klipu mpya kila kiungo, na funga mtungi wa kuzimia moto karibu na dereva, usiufungie kwenye chumba cha injini ambako moto wenyewe utakuwa.

Oili ni lita mbili na nusu tu, na kwa kuwa hakuna filta ya karatasi, ni kichujio cha waya chini, oili hiyo inachoka upesi. Badilisha kila kilomita 5,000, na kabla ya safari badilisha hata kama hazijafika. Tulitumia 20W-50. Pamoja na oili, pima uwazi wa tapeti, zinazosukuma valvu: milimita 0.15 kwa valvu zote, injini ikiwa baridi, yaani imelala usiku kucha. Uwazi wa pointi, zinazokata na kuunga umeme wa plagi, ni milimita 0.4. Mvumilivu anajifunza haya kwa Jumamosi mbili. Mimi nilijifunza nikiwa na miaka 60, nimekaa kwenye kigoda, fundi wangu akinisimamia.

Spea tulizobeba: mikanda, pointi na kondensa, plagi nne, rota, pampu ya mafuta, waya wa klachi na waya wa akselereta (hizi nyaya ni ndefu, zinatoka mbele mpaka nyuma, hutazipata Mzuzu wala Mpika), gasketi za vifuniko vya tapeti, mita mbili za mpira wa mafuta. Matairi hayakunipa wasiwasi. Kombi la miaka hiyo linatumia 185R14 ya mizigo, saizi ile ya Hiace za zamani, ambayo muuza matairi yeyote anaijua.

Hewa ya Mbeya na hewa ya ziwani

Hili sikuambiwa na mtu, na wewe unayetoka Mbeya, Makete, Njombe au Mafinga lazima ulijue.

Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Uyole kwenda Tukuyu unapanda kwanza, pale Isyonje umepita mita 2,000, ndipo unaanza kuteremka: Kiwira, Tukuyu, mpaka tambarare ya Kyela. Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi. Kwa asubuhi moja umeshuka zaidi ya mita 1,500. Nilikuwa nawafundisha wanafunzi kwamba hewa hupungua uzito kadiri unavyopanda. Sikuwahi kuihusisha na kabureta.

Magari ya leo yanapima hewa yenyewe kwa kompyuta. Kabureta ya Kombi haipimi kitu. Inamimina petroli kwa kadiri ya tundu la jeti yake, kile kipande kidogo ambacho petroli hupitia. Miaka mingi nyuma, Kombi la baba likitoa moshi mweusi kule juu, fundi alikuwa amelifungia jeti kuu ndogo, na likatulia. Sawa kabisa kwa Mbeya. Lakini tuliposhuka ziwani, hewa ikawa nzito, petroli ikabaki ileile ya mlimani. Mchanganyiko ukawa na petroli pungufu, na petroli pungufu inachoma moto mkali. Tulikuwa tumeshavuka mpaka wa Kasumulu kuingia Malawi, tunakaribia Karonga, saa saba mchana, injini ikaanza kugonga kila nikikanyaga, nguvu zikaisha. Nikasimama chini ya mwembe. Plagi zilikuwa nyeupe kama chaki. Plagi nzuri ina rangi ya kahawia ya chokoleti, nyeusi ya masizi imezidiwa petroli, nyeupe inaungua.

Nilimpigia fundi wangu. Alikaa kimya, kisha akasema, "Mwalimu, samahani, jeti." Tulikaa Karonga siku mbili mpaka jeti kubwa ilipoletwa na basi.

Kwa hiyo tafuta jeti mbili, ya juu na ya chini, uzifunge kwenye kitambaa. Kwenye kabureta za Solex jeti kuu iko nyuma ya boliti moja kwenye ubavu wa bakuli. Unafungua boliti, unaingiza bisibisi, unabadilisha. Petroli kidogo itamwagika, kwa hiyo injini iwe baridi kabisa na pasiwe na jiko karibu. Ni kazi ya robo saa. Tulifungua ya mlimani, tukafunga kubwa, na Kombi likaenda mpaka Botswana bila kugonga tena. Lusaka iko mita 1,280 hivi, Livingstone chini ya hapo, kwa hivyo jeti ya chini ndiyo inayofaa njia yote hiyo.

Kwa sababu hiyohiyo ya joto, ondoka Juni au Julai. Kwetu ni baridi kali, Kitulo kunaganda barafu alfajiri, lakini ziwani na bonde la Zambezi ni wakati wa raha. Oktoba ni tanuri, na kuanzia Novemba ni mvua.

Barabarani

Kasi yetu ilikuwa kilomita 70 kwa saa, 80 barabara ikiwa tupu. Zaidi ya hapo huongezi chochote ila joto la oili. Kumbuka pia kwamba kwenye Kombi injini iko nyuma, na mbele ya magoti yako pana bati tu. Madumu ya maji tuliyaweka mbele, nyuma ya viti vyetu, ili gari lisichezechezwe na upepo wa malori. Juu ya paa hatukuweka kitu.

Mlima ulioupanda kwa gia ya pili, uteremke kwa gia ya pili. Jizoeze mlima Kitonga kwanza, kwa sababu Kitonga ina vyote: joto la Ruaha Mbuyuni chini, kona, malori, na ubaridi wa Ilula juu. Kombi lililopanda na kushuka Kitonga bila breki kunuka, linaweza kupanda Chiweta. Huo ndio mlima wa Malawi utakaokupima: barabara inaacha ziwa baada ya Chitimba na kuukwea ukingo wa bonde moja kwa moja. Tuliupanda saa kumi na mbili asubuhi. Kila palipokuwa na nafasi nilisogea pembeni malori yapite, nikavuta kijiti cha oili. Ukiweza kukishika kwa vidole, endelea. Kikikuunguza, tandika kanga, kunywa chai.

Usiendeshe usiku, popote. Malawi kuna baiskeli zisizo na taa na watu wanaotembea ukingoni. Kaskazini mwa Botswana kuna tembo barabarani, na taa za Kombi ni za enzi zake. Trafiki wa Malawi na Zambia watakuomba pembetatu mbili za tahadhari, na Zambia wanataka pia reflekta nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Bandika kabla.

Mafuta jaza Kyela mpaka pomoni, kwani Malawi hukumbwa na uhaba wa mara kwa mara, na tulikuta vituo vitatu mfululizo vikiwa vikavu.

Fedha zina mtego mmoja. Malawi wanatumia kwacha, Zambia pia kwacha, lakini ni fedha mbili tofauti kabisa kwa thamani; ya Zambia iliondolewa sifuri tatu mwaka 2013. Ukivuka kutoka Mchinji kuelekea Chipata, maliza ya Malawi kwenye petroli. Vijana wa kubadilisha fedha wa Kasumulu na Tunduma wana mikono myepesi. Sisi tulibadilisha kiasi cha chakula cha siku moja, mengine benki. Mpakani upande wa Zambia utalipia tozo ya hewa chafu kulingana na ukubwa wa injini, ya barabara, na ya halmashauri. Ni halali. Kila moja ina risiti yake, na trafiki wa mbele ataziomba. Anayekuja mbio kukukaribisha kabla hujazima gari ni kishoka. Mwitikie salamu, kisha nenda dirishani mwenyewe.

Salamu zitakubeba kuliko fedha. Karonga ni Wangonde, ndugu wa Wanyakyusa. Mdogo wangu alisema "Ugonile" pale gengeni, na mama muuza samaki akatuongezea bila kuombwa. Mbele zaidi ni "Muli bwanji". Kwa njia ya Tunduma, Wanyamwanga wako pande zote mbili na Kiswahili kinasikika Nakonde yote, upande wa Zambia. Maandazi Malawi wanaita mandasi, dagaa wao ni usipa. Tulikuwa na mchele wa Kyela, maharage na majani ya chai ya Rungwe, tukanunua mboga na samaki njiani. Botswana usiingie na nyama mbichi wala maziwa. Wanalinda ng'ombe wao dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo, utakanyagishwa dawa na gari litapitishwa kwenye dawa pia.

Kulala, kando ya ziwa kuna kambi nyingi za wasafiri, Chitimba na Nkhata Bay, na nje ya hapo tuliomba uwanja wa kanisa au misheni, tukifika kabla ya jua kuzama na kumwona mwenyeji kwanza. Hakuna aliyetukatalia. Pika nje au mlango ukiwa wazi, kamwe usipike umejifungia, gesi inaua kimya kimya. Sisi watu wa baridi hatujazoea mbu: tulishona chandarua chenye dawa kwenye fremu za madirisha yote.

Mosi-oa-Tunya tulifika Julai. Maji bado ni mengi, na moshi wake tuliuona kabla ya kufika mjini. Tulikaa siku tano. Kazungula, mpakani mwa Zambia na Botswana, tulivuka kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2021, la mita 923, limepinda ili lisiguse Zimbabwe. Chini yake ndiye Zambezi. Kusimama juu ya daraja hairuhusiwi, kwa hiyo nilipita kwa gia ya kwanza.

Kurudi tulifuata Kapiri Mposhi, ambako reli ya TAZARA inaishia, kisha Mpika, na tukalala usiku mmoja kwenye chemchemi za moto za Kapishya. Nakonde foleni ya malori ni ndefu. Magari madogo yana njia yao pembeni, uliza kabla ya kujipanga. Ukishafungiwa kibali cha Zambia na kuandikiwa kurudi upande wetu, kumbuka umeanza kupanda tena. Ukiona moshi mweusi kwenye kioo baada ya Mbozi, hakuna ubaya. Fika nyumbani, acha injini ipoe usiku kucha, kisha fungua ile boliti ndogo, urudishe jeti ya mlimani.